Simu Usiku, Ganzi Asubuhi

Barua za Kasongo, Salamabila na Kabambare zinauliza jambo lilelile. Nazijibu pamoja.

Docta, tangu Goma ianguke Januari 2025 natazama video za maiti usiku kucha. Sasa mtoto akilia sihisi kitu, najiona niko mbali na mwili wangu. Mfumu, yaani mganga, amenidai mbuzi ili anirudishie kivuli changu. Nimerogwa?

Hujarogwa. Mfumu aliyekudai mbuzi ili akurudishie kivuli chako amekuibia, na mbuzi huyo angelipa karo ya mtoto. Akili ikipigwa na hofu mfululizo, bila nafasi ya kukimbia wala kusaidia, huweza kuzima hisia zote, za furaha nazo, kama mkono uliolaliwa unavyokufa ganzi. Unajua huyu ni mwanao, ila humhisi. Hiyo si roho mbaya. Wengi huniambia kwamba ganzi yenyewe ndiyo inayowarudisha kwenye simu: wanatafuta video kali zaidi, angalau washtuke.

Wengine wameandika, "Mimi sikuwa Goma, nitaumiaje?" Baada ya mabomu ya Boston, Aprili 2013, watafiti waliwahoji Wamarekani zaidi ya 4,600. Waliofuatilia habari hizo saa 6 au zaidi kwa siku katika wiki ya kwanza walikuwa na mfadhaiko mkali kuliko waliokuwapo pale, wao au jamaa zao. Utafiti huo hauthibitishi kwamba picha pekee ndizo chanzo. Ila asiniambie mtu tena kwamba kutazama tu hakuumizi.

Mionzi ya simu inakausha ubongo?

Hapana.

Huku Kabambare tusipofuatilia, tutajuaje wapiganaji wa Mai-Mai wako wapi?

Ulizeni habari za njia. Msikilizeni mkubwa wa kijiji, redio, na dereva wa pikipiki aliyetoka Salamabila leo. Video isiyo na tarehe wala jina la kijiji haikuambii ulale au ukimbie. Nyingine ni za vita vya zamani, na anayezisambaza anawatesa majirani zake.

Nianzie wapi?

Usiku simu ilale chumba kingine. Ganzi ikija, twanga sombe: sikia uzito wa mchi, nusa majani, mwite mtoto kwa jina, kwa sauti. Ikiendelea wiki mbili, au ukianguka na kupoteza fahamu, nenda hospitali. Ukiwaza kujiua, nenda leo hii, na ndugu akushike mkono.