Kikaango cha nonstiki: kinadumu? Ni salama?

Kinachokiua kikaango cha nonstiki ni moto mkali kikiwa kitupu. Utando wa tefloni huanza kuharibika ukipita nyuzijoto 260 hivi, na juu ya jiko la gesi dakika chache zinatosha kufika huko. Moto ukizidi sana, utando hutoa moshi unaoweza kumletea mtu homa na kikohozi, na kuua ndege wanaofugwa ndani. Tia mafuta kwanza, moto uwe wa wastani, dirisha liwe wazi. Chapati, inayoanza kuiva kwenye kikaango kikavu chenye moto mkali, ipikie kwenye chuma chake.

Vipande vyeusi vikibanduka na ukavimeza, hupita tumboni bila kumeng'enywa. Hofu ya kweli ilihusu PFOA, kemikali iliyotumika kiwandani kutengenezea utando. Kampuni kubwa za Marekani ziliiacha kufikia 2015. Kikaango kilichochubuka cha kabla ya hapo, mimi ningekitupa bila kusita.

Dukani, kinyanyue. Chembamba hupinda kitako na kuunguza upande mmoja, chukua kizito. Nyumbani tumia mwiko wa mbao na sponji laini, stili waya ikae mbali, wala usikimwagie maji baridi kikiwa cha moto.

Kikitumika kila siku, tarajia miaka 3 hadi 5. Cha kauri huanza kushika mapema zaidi. Mayai yakigandia licha ya mafuta, nunua kingine. Cha bei kubwa nacho kitachakaa, kwa hiyo usijinyime kwa ajili yake.