Winfrida: Jina la Binti Aliyesema Hapana



Vijana wenzangu, leo tujifunze jina moja tu: Winfrida. Hapa kwetu Ifakara, ukiliita baada ya Misa huenda wakageuka watatu. Mimi ni mmoja wao.

Nikiwa kidato cha pili sikulipenda. Nililiona la kibibi, nikajiita Wini. Mwaka huohuo mnunuzi mmoja wa mpunga akaanza kunifuata: leo soda, kesho ahadi ya simu. Nikamweleza bibi. Hakunigombeza, aliniuliza tu, "Mjukuu wangu, unamjua somo wako?"

Kumbe somo wangu ni Mtakatifu Winifrida, binti wa karne ya 7 kutoka Wales, magharibi mwa Uingereza. Kwa lugha ya kwao anaitwa Gwenfrewi. "Gwen" ni nyeupe, safi, yenye baraka. Waingereza wakalitamka Winifred, likafanana na maneno yao ya kale ya furaha na amani. (Akina Winfrida wengine somo wao ni Mtakatifu Bonifasi, mtume wa Wajerumani, ambaye jina lake la kwanza lilikuwa Winfrid.)

Simulizi za kale zinasema Caradog, mtoto wa mtawala, alimtaka kwa nguvu. Binti akakataa, akakimbilia kanisani. Caradog akamkata kichwa kwa upanga. Mjomba wake, Mtakatifu Beuno, akakirudishia kichwa mahali pake, akasali, binti akawa hai tena. Damu ilipomwagika pakabubujika chemchemi. Mahujaji wanakwenda hapo, Holywell, hadi leo. Yeye akawa mtawa. Shingoni likabaki kovu jembamba, jeupe.

Kesho yake nilimwambia yule mtu hapana, bibi akiwa kando yangu.

Lakini tusikosee. Hadithi hii haisemi kwamba aliyelazimishwa amepoteza usafi wake. Dhambi ni ya aliyeshika upanga. Mungu huponya, hata kama kovu linabaki. Dada yangu, kama yamekukuta, usikae nayo moyoni peke yako: mwambie mama, sista au mwalimu unayemwamini. Na wewe kaka, ukiambiwa hapana, basi ni hapana.

Zoezi la wiki: muulize aliyekupa jina, kwa nini alikuchagulia hilo?

Sikukuu yake ni tarehe 3 Novemba. Mtakatifu Winifrida, utuombee.