Kabla ya Kumlipa Mkufunzi wa Mbwa

Mbwa mpole akianza kuuma ghafla, aonwe kwanza na daktari wa mifugo aliyesajiliwa. Maumivu ya sikio au jino hubadilisha tabia, na mafunzo hayatibu jino. Akishukiwa kuwa na kichaa, asiguswe. Afisa wa mifugo wa wadi aarifiwe mara moja.

Akithibitishwa kuwa mzima, ndipo mkufunzi atafutwe, kwa makini, kwani yeyote anaweza kujiita mkufunzi. Mwenye mbwa aombe kutazama somo moja kabla ya kulipa. Mbwa wakijikunyata na kufyata mkia wamwonapo mwalimu wao, huenda kiboko hakiko mbali. Mkufunzi hodari hutuza kwa chakula, humfundisha pia mwenye mbwa, na huuliza cheti cha chanjo ya kichaa kabla ya kutaja bei.