Mgonzo Salama: Kuupanga, Kuutega na Kuutunza

Mgonzo (kamba ndefu yenye ndoano nyingi) unaomsumbua mvuvi katikati ya mto huwa umeshaharibikia nyumbani. Kamba ilirundikwa ndani ya kiroba ingali mbichi, ndoano zikashikana, na asubuhi mtu anahangaika kuzifumua juu ya mtumbwi unaoyumba. Kwa wavuvi wa kambare na kitoga katika mito ya Kilombero na Rufiji, kijitabu hiki kinaanzia kwenye beseni.

Kuupanga

Tafuta beseni pana au dumu la lita 20 lililokatwa ubavu mmoja. Kata nyayo za kandambili zilizochakaa, uzifunge kwa waya kuzunguka ukingo. Anza na ncha itakayoingia majini mwisho. Hiyo ndiyo ikae chini kabisa. Zungusha kamba kuu ndani ya beseni, na kila ndoano unayoifikia ichomeke kwenye kandambili kwa mfuatano, bila kuruka hata moja. Wapo wanaoona huku ni kupoteza muda. Wakishaanza kutega na mkondo ukawakokota, muda huo ndio wanaoutafuta wasiupate.

Kuutunza

Ukirudi, suuza tope na utelezi wa samaki kwa maji safi, kisha anika kivulini, kwani jua kali hudhoofisha nailoni. Pitisha kamba kati ya vidole taratibu: ukigusa palipokwaruzika, kata na uunge upya. Ndoano butu inolewe kwa tupa, iliyoliwa na kutu ibadilishwe. Beseni litundikwe juu, mbali na watoto na panya, maana panya hutafuna kamba yenye harufu ya chambo. Wala usiliweke karibu na petroli ya injini. Kambare hutafuta chakula kwa kunusa na kwa ndevu zake, na harufu ya mafuta huganda kwenye kamba.

Mtoni

Kazi hii ni ya watu wawili: mmoja apige kasia, mwingine aachie kamba. Anayeachia asikanyage kamba wala kuiviringisha mkononi, hata kwa sekunde moja. Samaki mkubwa au gogo linaloelea linaweza kumvuta majini. Kisu kikali kiwe mahali mkono unapofika bila kutafuta.

Kamba ikinasa kwenye mizizi, ivute ukiwa mtumbwini. Ikikataa, ikate. Usishuke majini kuinasua, kwa sababu samaki anayetapatapa humwita mamba, nawe utakuwa umesimama kando ya chakula chake. Palipo na viboko, tega kwingine. Na kambare akishaingia mtumbwini, mshike nyuma ya kichwa ukijihadhari na miiba ya mapezi yake ya ubavuni.

Mgonzo uliochakaa usiuache mtoni. Utaendelea kunasa samaki na ndege bila mwenyewe.

Ndoano ikikuchoma

Kwanza kata kitawi, yaani uzi mfupi unaoshikilia ndoano, ili ndoano itengane na kamba kuu. Ikiwa imezama hadi kile kijino kinachomzuia samaki asichomoke, usiivute kinyumenyume, utachana nyama. Osha kwa maji safi na sabuni, ifunge isitikisike, uende zahanati ikatolewe, na uulize kuhusu sindano ya pepopunda. Ikiwa ni jichoni, usiiguse kabisa: funika jicho kwa kikombe safi kisichogusa ndoano, mgonjwa apelekwe hospitali mara moja.