Joto la Mwili Linaposhuka: Msafiri wa Mlimani na Mbwa Wake Wakati wa Baridi

Mlima Washington, katika jimbo la New Hampshire nchini Marekani, una urefu wa mita 1,917, haufiki hata theluthi moja ya Kilimanjaro. Hata hivyo, katika majira ya baridi mlima huo ni wa hatari kubwa. Tarehe 12 Aprili 1934, upepo kileleni ulipimwa ukivuma kilomita 372 kwa saa. Wapo wanaoupanda wakati wa theluji wakifuatana na mbwa wao. Somo hili linaeleza jinsi baridi inavyowadhuru wote wawili, na huduma inayofaa.

Jinsi joto linavyopotea

Joto la ndani la mwili wa mwanadamu ni takribani nyuzi 37 za Selisiasi; la mbwa mwenye afya huwa kati ya 38 na 39. Joto la mwanadamu likishuka chini ya nyuzi 35, hali hiyo huitwa haipothemia. Upepo huondoa tabaka la hewa vuguvugu linaloizunguka ngozi, na nguo au manyoya yaliyolowa hayahifadhi joto ipasavyo. Kwa hiyo jasho la kupanda mlima huwa hatari mara msafiri anaposimama kupumzika. Mbwa mdogo, mzee au mwenye manyoya mafupi hupoa upesi zaidi. Aidha, theluji huganda katikati ya vidole vyake na kumuumiza, na ncha za masikio na mkia huweza kugandishwa.

Dalili

Kati ya nyuzi 35 na 32, mtu hutetemeka, vidole hupoteza wepesi, ulimi huwa mzito na miguu hujikwaa. Mbwa naye hutetemeka, huinua nyayo moja baada ya nyingine, hujikunja na kukataa kuendelea. Chini ya nyuzi 32, kutetemeka hupungua na hatimaye hukoma, na mgonjwa huchanganyikiwa. Wengine hata huvua nguo. Kukoma huko si nafuu, bali ni ishara kwamba mwili umeanza kushindwa kujitetea.

Ubongo uliopoa hauwezi kupima hatari vyema. Kwa sababu hiyo, saa ya kurudi hupangwa kabla ya safari, wala si kileleni. Mbwa anayesita apewe uzito uleule wa mwenzi anayelalamika: wote wageuke.

Huduma ya kwanza

Mgonjwa akingwe na upepo, avuliwe nguo zilizolowa, afunikwe kwa vitu vikavu na atengwe na ardhi. Akiwa na fahamu timamu na anaweza kumeza, apewe kinywaji cha moto chenye sukari. Asipewe pombe, kwani hutanua mishipa ya damu ya ngozi na kuongeza upotevu wa joto. Sehemu iliyoganda isisuguliwe wala isipakwe theluji. Aliyepoa sana alazwe na abebwe kwa upole, kwa kuwa mtikisiko huweza kuvuruga mapigo ya moyo uliopoa. Mbwa akaushwe, afunikwe na apelekwe kwa daktari wa mifugo.

Kwa wahudumu wa afya

Kipimajoto cha kawaida cha zebaki huanzia nyuzi 35, hivyo hakionyeshi ukubwa wa tatizo. Hili linawahusu pia wanaowapokea wapagazi na wageni kutoka Kilimanjaro. Vilevile, mgonjwa aliyepoa asihesabiwe kuwa amefariki upesi. Mwaka 1999, nchini Norway, daktari Anna Bågenholm alinaswa chini ya barafu ndani ya maji kwa dakika 80, na joto lake likashuka hadi nyuzi 13.7. Waokoaji hawakuacha kumhuisha, naye akapona na kurejea kazini.

Hitimisho

Kilele hakihami, kitapandwa siku nyingine. Anayegeuka mapema, akiwa bado anatetemeka, huwa amechukua uamuzi ulio bora kwake na kwa mnyama anayemtegemea.