Fundisho: Yona Alilipa Nauli

Masomo ya kusoma nyumbani: Yona 1:1-3, Filemoni 17-19



Wengi wetu tunalijua somo la Yona kwa sababu ya samaki. Tumelifundisha mara nyingi kwa watoto, na watoto hawataki kusikia neno lingine ila samaki. Lakini rudini kwanza kule Yafa, bandarini. Yona alikuwa anamkimbia Mungu, na hata hivyo, kabla ya kuingia ndani ya chombo, alilipa nauli yake. Hakujificha kati ya mizigo. Sisi tunaosema kwamba hatumkimbii Mungu, tunasafiri namna gani?

Neno hili limeletwa na barua ya kijana mmoja wa parokia yetu ambaye sasa anaishi Ujerumani. Alikamatwa mara tatu ndani ya treni ya mji bila tiketi. Alituandikia sisi mashemasi kwamba karatasi ya tribinali imefika, alipe feza ao aingie gereza, naye akaomba tumwombee. Tulipoisoma barua ile katika mkutano, wengine walicheka. Mzee mmoja akasema: "Gereza kwa ajili ya tiketi? Huku kwetu nusu ya mji ingefungwa." Mama shemasi akauliza swali ambalo lilitunyamazisha wote: "Treni ilikuwa inaenda tu, na kiti kilikuwa wazi. Ameiba nini?"

Tuanze na swali la mama. Angalieni basi ndogo zetu za kila siku. Dereva si mwenye gari. Jioni anapaswa kupeleka verseman kwa mwenye gari, hata kama watu wamelipa ao hawakulipa. Mafuta ni juu yake. Basi wewe unayeshuka mbio kwenye kituo, ao unayesema "nitakulipa kesho" huku unajua hutamwona kesho, hukumnyang'anya tajiri. Umepunguza unga wa dereva na wa yule kijana anayening'inia mlangoni kukusanya nauli. (Wale wanaovaa uniformu na kupanda bure kila siku, nao wanajijua.)

Kule Ujerumani mambo yamepangwa kwa namna nyingine. Katika miji mingi hakuna mlango wa kukuzuia, wala mtu wa kukusanya feza. Unanunua tiketi mwenyewe, unaingia, unaaminiwa. Mara kwa mara wakaguzi wanapita, na wengine wamevaa nguo za kawaida kama wasafiri. Asiye na tiketi analipa euro 60. Mpaka mwaka 2015 ilikuwa 40. Aliye na tiketi ya mwezi yenye jina lake, lakini ameisahau nyumbani, anaionyesha ofisini katika siku zinazofuata na analipa feza kidogo tu. Sheria inajua kutenga msahaulifu na mdanganyifu.

Zile euro 60 ni deni kwa kampuni, si hukumu bado. Lakini kampuni inaweza kumshitaki mtu, zaidi sana akirudia. Hapo ndipo kinaingia kifungu 265a cha sheria yao ya azabu, kilichowekwa mwaka 1935. Anayejipatia safari kwa hila, akiwa na nia ya kutolipa, anaweza kutozwa faini ao kufungwa mpaka mwaka mmoja. Mama, hili ndilo jibu la swali lako: sheria ile haisemi wizi, inasema hila. Kiti hakikuibwa. Kilichovunjwa ni uaminifu ambao kwa huo wengine wote wamepanda.

Faini inahesabiwa kwa siku, na bei ya kila siku inafuata mapato ya mtu. Kijana wetu alipewa siku 30 kwa euro 15, maana yake euro 450. Asiyelipa anafungwa. Zamani siku moja ya faini ilikuwa siku moja ya gereza. Tangu mwezi wa pili 2024, siku mbili za faini ni siku moja ya gereza. Kwake ingekuwa siku 15.

Hapa tuseme wazi fikira yetu. Kulipa deni ni haki. Lakini tazameni nani anayeingia gereza lile. Mwenye hila na feza analipa, anarudi nyumbani kula. Anayebaki ndani ni yule ambaye mfuko ni mtupu. Wajerumani wenyewe wameliona. Mwaka 2021 ulianza mfuko unaoitwa Freiheitsfonds, unaolipia faini watu waliofungwa kwa kosa hili, nao umekwisha kuwafungua zaidi ya 1000. Mji wa Düsseldorf uliamua mwaka 2023 kwamba kampuni yake isiwapeleke tena watu hao tribinali. Zile euro 60 zilibaki.

Nasi huku tusijisifu kwamba hatuna azabu. Mwezi wa kumi na moja 2017, katika eneo la Lubudi, treni ya mizigo iliyobeba mafuta ilianguka, na zaidi ya watu 30 wakafa. Usiku wa tarehe 10 mwezi wa tatu 2022, treni nyingine ya mizigo, iliyotoka Luena kwenda Tenke, iliacha reli huko Buyofwe, na mabehewa yakaingia korongoni. Walihesabiwa wafu 75. Zile hazikuwa treni za watu. Waliokuwa juu yake walipanda kwa siri, wengi kwa sababu treni ya wasafiri ni ya shida kupatikana na barabara ni mbaya. Msiseme kwamba Mungu aliwaazibu kwa nauli. Sisi wenyewe, tukiwa na miaka 19, tulilala usiku mzima juu ya mifuko ya mahindi ndani ya behewa, na mlinzi tulimpa makuta kidogo ya mkononi. Tulifika wazima. Hatukuwa wema kuliko wale.

Basi tulimjibu kijana kwa swali moja: ulikosa feza, ao hukutaka kulipa? Alikaa siku mbili kimya. Kisha akaandika: "Mara ya kwanza nilikosa. Mara ya pili na ya tatu nilikuwa nimezoea."

Tulilipenda jibu lile. Tukakumbuka Paulo, aliyechukua deni la Onesimo juu yake mwenyewe. Tuliamua hivi: sehemu ya mara ya kwanza, euro 150, tutaichanga sisi. Zile 300 atalipa mwenyewe. Ameomba kulipa kidogo kidogo, na amekubaliwa euro 50 kwa mwezi. Tena amenunua ile tiketi ya mwezi ya nchi nzima, iliyoanza mwaka 2023 kwa euro 49 na kupanda mpaka 58 mwaka 2025. Anasema ni gali. Ni kweli, ni gali.

Mchango utapokelewa Jumapili ya pili baada ya ibada, kwa shemasi wa feza. Na wale wa kwaya waliosafiri na karte za wanafunzi zisizo zao ili walipe nusu ya bei, waje watuone mbele ya siku hiyo. Tuna majina.