Kiima Kilichomo Ndani ya Kitenzi

"My uncle he sells cloves." Mwalimu wa Kiingereza wa Wete au Mkoani, kisiwani Pemba, hahitaji kuelezwa sentensi hii hutoka wapi. Huikata *he* kwa kalamu nyekundu, daftari likarudi kwa mwenyewe, na insha inayofuata ikaja na kosa lile lile. Mwanafunzi ameonyeshwa neno la kufuta, hakuonyeshwa lilikotoka. Mimi naamini kosa la sentensi haliondoki mpaka asili yake ijulikane, na asili ya mengi kati ya makosa haya imo ndani ya kitenzi cha Kiswahili.

Tuanze na kitu kidogo kabisa: *anakuja*. Ni neno moja, na tayari ni sentensi kamili. Ukilipasua unapata *a-*, inayomtaja mtendaji; *-na-*, inayotaja wakati; na *-kuja*, ambacho ni kitendo chenyewe. Kiingereza huigawa kazi hiyo kwa maneno matatu: "He is coming." Ukiiondoa *he*, ikabaki "Is coming", sentensi imekatika, maana *is* haisemi anayekuja ni mtu au ni boti. Kwetu *anakuja* na *inakuja* hazichanganyiki. Ndiyo maana sentensi ya taarifa ya Kiingereza hulazimika kukionyesha kiima waziwazi, hata pale ambapo hakuna mtendaji wa kutajwa. Katika "It is raining", *it* haimtaji mtu wala kitu. Imewekwa ili nafasi ya kiima isibaki wazi.

Sasa turudi kwa mjomba. *Mjomba anauza karafuu*: mjomba ametajwa kwa jina, kisha *a-* ikamtaja tena, na sarufi yetu hailiachi hilo kwa hiari ya msemaji. Mtoto aliyekua akimtaja mjomba mara mbili namna hii, akifika kwenye Kiingereza hutafuta kitu cha kufanya kazi ya *a-*, akaiona *he*. Amefikiri vizuri. Ila *he* si kiambishi. Ni kiwakilishi kinachojitegemea, na hukalia nafasi ya kiima ambayo *my uncle* ameshaikalia. Mtoto huyo hukutwa na hayo hayo kwenye yambwa. Tunasema *karafuu tulizozianika*, na *-zi-* haimsumbui mtu yeyote. Mwanafunzi huandika "the cloves which we dried them", ilhali *which* imeshaibeba yambwa na *them* imeibeba mara ya pili.

Mwaka 1967 mwanaisimu S. Pit Corder aliandika makala iliyobadili namna ya kuyatazama makosa ya wanaojifunza lugha. Alisema kosa linalojirudia ni ushahidi: linaonyesha kanuni ambayo mwanafunzi anaifuata wakati huo. Miaka mitano baadaye Larry Selinker aliupa mfumo wa kanuni hizo za katikati, ambao si lugha ya kwanza wala si lugha lengwa, jina lake la kitaalamu. Mwalimu akiyasoma madaftari kwa jicho hilo, wekundu wote ule humwambia jambo.

Chukua kiambishi *-ki-*, kwa mfano. "Nikienda Chake Chake, mvua ilinikuta njiani." Hapana kasoro, kwa kuwa *ni-* imeshasema nani alikuwa safarini. Mwanafunzi huandika: "Going to Chake Chake, the rain caught me." Neno *going* halina mwenyewe, na sarufi ya Kiingereza hulikabidhi kwa kiima kinachofuata, ambacho ni mvua. Kwa hiyo mvua ndiyo iliyokuwa ikienda Chake Chake! Mrudishie kitendo mwenyewe: "As I was going to Chake Chake, the rain caught me."

*-ka-* ndiyo yenye mengi zaidi. "Mvua ilianza, tukafunika karafuu." Mkato unatosha hapa kwa sababu kiungo kimo ndani ya kitenzi: *-ka-* inasema hili lilifuata lile. Kitenzi cha Kiingereza cha wakati uliopita hakina kiungo hicho. Ukiandika "The rain started, we covered the cloves", umeweka vishazi huru viwili bavu kwa bavu bila cha kuvishika, na mkato wa Kiingereza hauna nguvu hiyo. Weka nukta, au nukta mkato, au kiunganishi, na hapo mwandishi ana la kuamua. *So* inaifanya mvua kuwa sababu. *When* inaifanya kuwa wakati tu. Nukta humwachia msomaji aunge mwenyewe. Tahadhari na *however* na *therefore*: zina sura ya viunganishi, lakini ni vielezi, na mkato mbele yake hautoshi.

Si kila kosa lililetwa na Kiswahili. "Because the boat was late" ikiandikwa peke yake na kutiwa nukta huning'inia, na wanafunzi wa Uingereza nao huiandika hivyo hivyo. *Because* imekigeuza kishazi huru kuwa tegemezi, nacho kinadai cha kukiegemea. Hata ile *-s* ya *sells*, ambayo mwanafunzi huisahau kila mara, ni mabaki tu. Kiingereza cha kale kilikuwa na miisho mingi ya nafsi kwenye kitenzi, ikalika karne kwa karne, na katika wakati uliopo vitenzi vya kawaida vimebakiwa na huo mmoja.

Basi tuikarabati sentensi nzima: "When the rain started, my uncle he cover the cloves which we had spread them on the mats." Kwanza tafuta vitenzi: *started*, *cover*, *had spread*. Uliza kila kimoja ni cha nani. Cha kwanza ni cha mvua, cha tatu ni chetu. Cha pili kina viima viwili, *my uncle* na *he*, kwa hiyo *he* inatoka. Kisha uliza wakati. *Cover* imebaki peke yake nje ya wakati uliopita, iwe *covered*. Uliza viungo: *when* inakishika kishazi cha kwanza, *which* cha mwisho, na kwa kuwa *which* ndiyo yambwa ya *spread*, *them* nayo inatoka. "When the rain started, my uncle covered the cloves which we had spread on the mats." *Had* isiguswe, kwa sababu kuanika kulitangulia mvua.